Haki ya Mtu Aliye Chini ya Mzigo

Hotuba iliyotolewa katika semina ya Haki na Amani kwa wafanyakazi, wasimamizi na waajiri wa bandarini, viwandani na kwenye ujenzi





Mmetuomba tuzungumze nanyi juu ya haki mahali pa kazi. Jambo hilo ni pana. Tungeweza kusema juu ya mishahara, juu ya mikataba, au juu ya saa za kazi. Hata hivyo, leo tumeona vema tuchague kitu kimoja kidogo, ambacho mara nyingi huenea katika kiganja cha mkono. Tunataka kusema juu ya kile kiungo cha chuma kinachounganisha mzigo na kamba, na kamba na winchi: shakeli na pini yake, kulabu, pete ya mnyororo, bolti ya jicho. Pengine wengine mtajiuliza kasisi anatafuta nini katika stoo ya vyuma. Swali hilo ni halali, nasi tutalijibu kwa kuwasimulia mazishi.

1. Mazishi yaliyotufundisha

Miaka iliyopita, tulipokuwa tungali wachanga katika upadre, tulimzika kijana mmoja, baba wa watoto wawili. Alifariki kazini. Siku hiyo walikuwa wakiinua boriti za chuma zenye uzito wa tani tatu hivi, naye alikuwa akiziongoza kwa mkono ili zisizunguke. Kiungo kimoja kilikatika, boriti zikashuka upande mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa upande huo.

Msibani tulisikia maneno ya namna mbili. Wazee walisema, "Siku yake ilikuwa imefika, ni mapenzi ya Mungu." Vijana wenzake wa kazini walinong'ona jambo jingine: kwamba biashara ya tajiri ilikuwa inalegalega, na kwamba ametoa kafara. Baada ya wiki moja fundi mmoja mzee alitujia parokiani jioni. Alikuwa na kitu kilichofungwa katika gazeti. Alikifungua juu ya meza yetu, nasi tukaona kipande cha bolti iliyokatika. Akasema, "Baba, kafara yenyewe ndiyo hii."

Alitueleza kwamba shakeli yao ilikuwa ya tani 4.75. Shakeli ya ukubwa huo huwa na upinde wenye unene wa milimita 19, na pini yenye unene wa milimita 22. Pini ilikuwa imepotea. Badala ya kununua shakeli nyingine, mtu mmoja alitafuta katika debe la vyuma vikuukuu akapata bolti ya kawaida ya milimita 16, iliyopita vizuri tundu zote mbili. Kwa macho, tofauti ya milimita sita si kitu. Lakini tukipima chuma chenyewe kwa upana wa mkato wake, bolti ile ilikuwa na karibu nusu tu ya chuma cha pini. Tena ilikuwa ya chuma laini, nayo ilikuwa na mikato ya hesi, mahali ambapo ufa hupenda kuanzia.

Jambo lililotuumiza zaidi ni hili: bolti ile haikukatika siku ya kwanza. Ilibeba mizigo kwa miezi mitatu. Kila siku ilipinda kidogo, na kila siku watu walizidi kuiamini. Fundi yule alikuwa ameiona, naye alinyamaza, kwa sababu alikuwa kibarua wa kutwa na alijua kwamba kesho yake anaweza kuambiwa hakuna kazi. Alikuja kwetu akilia. Hatukujua tumwambie nini zaidi ya kumwombea. Hotuba hii ni sehemu ya jibu ambalo hatukuweza kumpa jioni ile.

Ndugu zangu, katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu 18. Anawakataza wasikilizaji wake kudhani kwamba wale waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine. Badala ya kuwahukumu marehemu, anawaita walio hai watubu. Basi nasi tusimsingizie Mungu kazi iliyofanywa na bolti, wala tusitafute majini pale ambapo kuna mtu aliyechagua, mtu aliyeagiza, na mtu aliyenyamaza. Tutubu.

2. Namba iliyopigwa katika chuma

Kila shakeli, kulabu au mnyororo uliotengenezwa kwa ajili ya kuinulia mizigo huwa na namba iliyopigwa muhuri juu yake au kwenye kibandiko chake cha chuma. Namba hiyo hutaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kubebwa na kifaa hicho kikiwa kizima na kikivutwa inavyopasa. Kifaa kisicho na namba hakijulikani uwezo wake, na kisichojulikana uwezo wake hakistahili kuinuliwa juu ya kichwa cha mtu.

Lakini wengi wenu mnajua kwamba shakeli ya tani 4.75 haikatiki ukiifunga mzigo wa tani 5. Mtengenezaji ameiweka akiba. Kwa kawaida shakeli hutengenezwa ili isikatike kabla ya kufikia mara tano au mara sita ya namba yake, kwa kadiri ya kanuni za nchi. Kamba za waya za kufungia mizigo huwekewa akiba ya mara tano. Minyororo ya chuma cha aloi, mara nne. Mikanda ya nyuzi za viwandani, mara saba.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya nani? Wako wasimamizi wanaosema, "Hii inabeba mara tano, kwa hiyo ongeza tu." Wanaiona akiba kama ruhusa. Lakini aliyeiweka alikuwa akifikiria mambo ambayo hakuna anayeweza kuyapima asubuhi ya kazi: winchi inaposhtuka, upepo unaposukuma mzigo, chuma kilicholika na chumvi ya bahari, uzito uliokadiriwa kwa macho, na dereva aliyekesha usiku kucha. Akiba ile si mali ya mwenye winchi, wala si mali ya mwenye mzigo. Ni mali ya mtu aliye chini. Ni nafasi yake ya kurudi nyumbani jioni.

Ndiyo maana tunasema wazi: anayeila akiba hiyo kwa kuzidisha mzigo, au kwa kutia kifaa hafifu mahali pa kifaa thabiti, anamwibia maskini. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa na matajiri unapaza sauti, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Ikiwa ujira uliozuiliwa unalia, je, uhai uliopunjwa milimita sita utanyamaza? Tena wizi huu una hila kuliko wizi wa mshahara. Aliyepunjwa mshahara anajua siku ileile ya malipo. Aliyepunjwa akiba hajui, kwa sababu mzigo unainuka kama kawaida, leo na kesho, mpaka siku moja.

3. Namna ya kuchagua kwa haki

Upendo wa jirani usio na maarifa unaweza kuua. Kwa hiyo tuseme mambo machache ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyajua na kuyauliza, hata kama si fundi.

Kwanza, kiungo kichaguliwe kwa kadiri ya mvuto unaokipata, wala si kwa uzito wa mzigo peke yake. Mmewahi kuwaona watoto wawili wakibeba ndoo moja ya maji kutoka bombani. Wakitembea karibu karibu, mikono yao ikiwa imenyooka, ndoo ni nyepesi. Wakiachana mbali, mikono yao hutanuka na kuvutwa, ingawa maji hayakuongezeka hata tone. Ndivyo ilivyo kwa mzigo unaofungwa kwa kamba mbili. Tuchukue mzigo wa tani 4. Kamba zikisimama wima, kila moja inavutwa kwa tani 2. Zikilala kiasi cha kufanya pembe ya digrii 60 na usawa wa mzigo, kila moja inavutwa kwa tani 2.3. Zikifikia digrii 45, ni tani 2.8. Zikilala hadi digrii 30, kila kamba inavutwa kwa tani 4 kamili, kana kwamba inabeba mzigo wote peke yake. Anayefupisha kamba ili kuokoa urefu hajui kwamba ameongeza mzigo maradufu kwenye kila kiungo.

Pili, umbo la kiungo lilingane na kazi yake. Shakeli nyembamba yenye umbo la herufi D ni ya kuvutwa moja kwa moja. Shakeli yenye upinde mpana ndiyo inayofaa kukusanya kamba mbili au tatu. Na hata hiyo ikivutwa kiubavu hupoteza nguvu: kwa pembe ya digrii 45 hubakiwa na asilimia 70 ya namba yake, na kwa digrii 90 asilimia 50. Bolti ya jicho isiyo na bega ni ya kuvutwa wima tu. Ukiivuta kwa kuilaza, inapinda na kukatika shingoni.

Tatu, pini ni sehemu ya shakeli, wala haiazimwi kwingine. Shakeli iliyopoteza pini imekufa kama shakeli, na kazi yake iliyobaki ni kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tena kuna pini za namna mbili. Ile inayokazwa kwa hesi yake yenyewe inafaa kwa kazi za muda mfupi, zinazofungwa na kufunguliwa kila mara. Lakini mahali ambapo kiungo kitakaa siku nyingi, au ambapo mtikisiko na msuguano wa kamba unaweza kuizungusha pini, ichaguliwe ile yenye nati na pini ndogo ya kuifungia nati isilegee.

Nne, mnyororo wa kufungia geti au kuvutia gari si mnyororo wa kuinulia mzigo, hata ukiwa mnene. Mnyororo wa kuinulia hutengenezwa kwa chuma cha aloi, na pete zake huwa na alama ya daraja, kama 8 au 80, 10 au 100. Pete ikikatika au kutanuka isichomelewe na kurudishwa kazini. Moto wa kuchomelea huharibu ule uimara ambao kiwanda kiliupika ndani ya chuma.

Tano, kitanzi cha kamba ya waya kinachofungwa kwa klipu kifungwe kwa utaratibu wake. Tandiko la klipu likae upande wa kamba ndefu inayobeba mzigo, na ule upinde wa U ukae juu ya mkia mfupi. Ukigeuza, upinde utaibonda kamba inayobeba. Klipu kwa kawaida zisipungue tatu, na kamba nene huhitaji zaidi.

Sita, kulabu iwe na ulimi wake wa usalama unaofunga mdomo. Kulabu ambayo ulimi wake umefungwa kwa waya ili usisumbue imeondolewa ulinzi wake kwa makusudi.

4. Kuchunguza kila siku

Kifaa kilichochaguliwa vema mwaka jana kinaweza kuwa kibaya leo. Kanuni zinazotumika Marekani zinataka shakeli iondolewe kazini ikiwa imelika asilimia 10 ya unene wake wa awali, na kulabu iondolewe ikiwa mdomo wake umetanuka kwa asilimia 5. Kamba ya waya ya kufungia mizigo iondolewe ikiwa ndani ya mzunguko mmoja wa msokoto wake kuna nyuzi 10 zilizokatika, au nyuzi 5 katika shina moja. Haya si mambo ya maabara. Yanahitaji kipimo cha mkononi, kitambaa cha kufutia grisi, na mtu aliyepewa muda wa kuangalia.

Kwamba kasoro ndogo ya kiungo kimoja yaweza kuleta msiba mkubwa, dunia ilijifunza kwa uchungu huko Marekani. Mwaka 1928 lilifunguliwa daraja la kuvuka mto Ohio, katika mji wa Point Pleasant, lililoitwa Silver Bridge. Daraja hilo halikuning'inizwa kwa kamba za waya. Lilishikwa na mnyororo wa vyuma virefu vyenye macho, vilivyounganishwa kwa pini, na kila pingili ilikuwa na vyuma viwili tu. Tarehe 15 Desemba 1967, saa za jioni, magari yakiwa yamejaa juu yake, jicho moja lilikatika, mwenzake hakuweza kubeba peke yake, na daraja zima likaanguka. Watu 46 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi, uliojificha ndani ya kiungo mahali ambapo jicho la mkaguzi lisingeweza kufika. Baada ya msiba huo taifa lile liliweka utaratibu wa kukagua madaraja yake yote.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, pale ambapo hakuna kiungo cha pili cha kushika kama cha kwanza kikishindwa, uangalifu wetu uwe maradufu. La pili, kusema "mbona kimebeba miaka yote hii" si ushahidi wa usalama. Daraja lile lilibeba kwa miaka 39.

5. Mizani ya uongo

Kuna jambo jingine linalotuhuzunisha. Katika masoko yetu vinauzwa vifaa vyenye namba ya uongo: vyuma vilivyomiminwa kwenye kalibu vikajifanya vimefuliwa, vikapigwa muhuri wa tani ambazo haviwezi kuzibeba. Mwenye duka anajua, au hataki kujua. Mnunuzi wa kampuni anaona bei, anafurahi, na wakati mwingine tofauti ya bei inaishia mfukoni mwake.

Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinasema kwamba Bwana anaichukia mizani ya udanganyifu. Ikiwa mizani inayompunja mama robo kilo ya sukari ni chukizo, basi namba ya uongo juu ya shakeli ni mizani inayopima uhai wa mtu na kuupunja. Anayenunua vifaa aombe cheti cha kupimwa kwake, aangalie kama alama na namba ya cheti vinalingana na zile zilizo juu ya chuma, na akikosa uthibitisho aache, hata kama bei ni nusu.

6. Maandiko, Kanisa na sheria za nchi

Uangalifu huu si jambo geni katika imani yetu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mfupi kuzunguka dari, ili asije akailetea nyumba yake damu ya mtu atakayeanguka. Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo aamue ni nani mwenye hatia. Alidai kinga kabla. Na kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinatofautisha ng'ombe aliyempiga mtu pembe kwa mara ya kwanza na ng'ombe ambaye mwenyewe alikwisha onywa juu yake, asimfunge. Katika hali hii ya pili, mwenye ng'ombe mwenyewe ana hatia ya damu. Ndugu waajiri, mkishaambiwa kwamba pini imepotea, ng'ombe wenu amekwisha julikana.

Kanisa limeendelea kufundisha hivyo. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea hadhi ya mfanyakazi mbele ya nguvu ya fedha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliyahesabu mazingira ya kazi yanayomfanya mtu kuwa chombo tu cha faida miongoni mwa mambo ya aibu yanayomvunjia heshima Muumba. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua Laborem Exercens ya mwaka 1981, alitaja miongoni mwa haki za mfanyakazi haki ya kufanya kazi katika mazingira yasiyodhuru afya ya mwili wake. Alifundisha pia kwamba mtu anayefanya kazi ana thamani kuliko mtaji na mitambo yote. Winchi ipo kwa ajili ya mtu.

Sheria nazo hazikunyamaza. Mkataba Namba 152 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unahusu usalama wa wafanyakazi wa bandarini, na nchi yetu iliuridhia mwaka 1983. Mkataba huo unataka vifaa vya kufungia na kuinulia vipimwe kabla ya kutumika kwa mara ya kwanza, vichunguzwe kwa kina angalau mara moja kila miezi 12, vikaguliwe mara kwa mara kabla ya kutumika, na viwe na alama ya uzito unaoruhusiwa. Mitambo yenyewe ya kuinulia ipimwe tena angalau kila miaka mitano. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, na upo Wakala wa Serikali wa kuisimamia. Na mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliiweka haki ya mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

Mjane wa yule kijana tuliyemzika alipewa mfuko wa mchele na bahasha. Leo upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008. Tunashukuru. Lakini fidia huja baada ya kilio, na hakuna fidia inayomrudisha baba mezani. Vibarua wasioandikwa popote huenda wasijue hata pa kuanzia kudai. Waajiri waandikeni watu wenu.

7. Kila mmoja na wajibu wake

Tumegundua kwamba katika msiba ule hakuna mtu hata mmoja aliyetaka kuua. Mwenye kampuni alisema alitoa fedha. Mnunuzi alisema hakuambiwa. Mtunza stoo alisema hakuna aliyerudisha pini. Msimamizi alisema meli inangoja. Fundi alinyamaza kwa kuogopa njaa. Kila mmoja alikuwa na sehemu ndogo, na zile sehemu ndogo zikaungana kama pete za mnyororo. Huu ndio mnyororo ambao hauna namba, na ndio uliomwua.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi waajiri: msimpe msimamizi wenu kazi ya kuchagua kati ya muda na uhai. Tengeni fedha za vifaa kabla ya kuhesabu faida. Gharama ya shakeli mpya ni ndogo sana mbele ya gharama ya mtu.

Ninyi wasimamizi: kabla ya kuinua mkono kumwashiria dereva wa winchi, ulizeni maswali matatu. Mzigo una uzito gani? Kamba zimelala kwa pembe gani? Kiungo kilicho kidogo kuliko vyote kina namba gani? Asiyeweza kuyajibu asiinue. Tena asiruhusiwe mtu kusimama chini ya mzigo au kuuongoza kwa mkono. Ifungwe kamba ya kuongozea, naye asimame mbali.

Ninyi watunza stoo: kifaa kibovu msikirudishe rafuni, wala msikitupe kikiwa kizima nyuma ya ghala, kwa maana kitaokotwa. Kikateni vipande viwili.

Ninyi wafanyakazi: msimwache mmoja aseme peke yake. Kibarua mmoja akikataa mzigo anafukuzwa. Gengi zima likisema kwa heshima, kwa kupitia mwakilishi wake wa usalama au chama chake, linasikilizwa. Kukataa kumweka ndugu yako chini ya bolti ya debe si uasi. Ni amri ya tano ya Mungu.

Nasi tulio wachungaji tunao wajibu wetu. Tumezoea kubariki mitambo mipya kwa maji ya baraka na kurudi zetu parokiani. Tangu leo tunaahidi kwamba tukialikwa kubariki winchi au karakana, tutaomba kwanza tuonyeshwe stoo ya viungo na vyeti vyake. Na ikiwa mtu atatujia jioni na kitu kilichofungwa katika gazeti kabla ya msiba, tutakwenda naye kwa msimamizi asubuhi. Hatutamwacha aende peke yake.

Ile bolti tunayo mpaka leo juu ya meza yetu ya kazi. Wageni wengine hudhani ni ya kuzuia karatasi zisipeperuke. Tunapoulizwa, tunasimulia.

Mwenyezi Mungu awalinde wote wanaofanya kazi chini ya mizigo, na awajalie wote wanaochagua kwa niaba yao dhamiri iliyo hai. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo na mahali pa kazi

1. Mahali petu pa kazi, ni nani anayechagua vifaa vya kuinulia mizigo? Je, yeye mwenyewe husimama karibu na mzigo ukiinuliwa?

2. Je, vifaa vyetu vyote vina namba inayosomeka na vyeti vyake? Ni lini vilichunguzwa kwa mara ya mwisho?

3. Ajali inapotokea, tunatafuta chanzo chake, au tunakimbilia kusema ni mapenzi ya Mungu au ni kafara?

4. Ni pini gani iliyopotea kwetu, ambayo wote tunaijua na hakuna anayeisema? Tutamwambia nani, na lini?